Picha Iliyoiva

Madereva wa malori walimwita Dada Mizani, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kupima malori yanayoleta nafaka kiwandani. Lori lilipanda juu ya bamba pana la chuma lililolala usawa wa barabara, naye, ndani ya kibanda chenye dirisha moja kubwa, akasoma tarakimu nyekundu na kuandika. Lori likaenda kushusha magunia, likarudi tupu, akalipima tena. Toa uzito wa lori tupu kwenye ule wa lori lililojaa, kinachobaki ndicho mzigo. Basi. Miaka kumi na moja alikuwa akitoa tupu kwenye lililojaa, na hakuwahi kukosea kiasi cha kuitwa ofisini.

"Breki, shuka kwenye gari!" alikuwa akipaza sauti dirishani.

"Nimeshakanyaga breki, dada. Nishuke ya nini tena?"

"Ushuke kwa sababu kiwanda hakinunui tumbo lako!"

Wenzake waliopanga foleni nyuma wakaangua kicheko, na Breki, dereva wa safari ndefu ambaye hakuna siku aliyoacha kuzungumzia breki za gari lake, akateremka polepole huku akilishika tumbo kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Kati ya lori na lori palikuwa na dakika tatu, nne, na hizo ndizo alizoiba. Alitoa simu akapiga picha. Si picha za watu wanaotabasamu. Kutu kwenye ubavu wa tela. Matope yaliyokauka yakapasukapasuka. Turubai lenye viraka. Na kioo cha dirisha lake mwenyewe, ambacho asubuhi kilionyesha mambo mawili kwa mpigo: malori yaliyoko nje, na uso wake ukielea juu ya malori hayo. Kioo ndicho kilichomtia wazimu huo. Siku moja alijiuliza: ikiwa macho yangu yanaona vyote viwili pamoja bila ugomvi, kwa nini picha ishindwe?

Kiwanda kilipoletewa kompyuta mpya, ya zamani walimpa yeye. Aliiweka kwenye kona ya sebule, kando ya meza ya kupigia pasi, na ilipowashwa ilinguruma kama kinu. Alijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kuharibu. Unaweka picha ya kwanza. Juu yake unalaza ya pili, kama unavyotandaza shuka jembamba juu ya godoro. Kisha ile ya juu unaipunguza nguvu, asilimia baada ya asilimia, mpaka ya chini ianze kuchungulia. Ndiyo siri yote. Lakini hebu fikiria yanayoweza kutokea! Aliulaza mkono wa mama yake juu ya matope yaliyopasuka, na mkono ukageuka nchi yenye mito mikavu. Alimlaza jirani juu ya turubai, jirani akawa na viraka shavuni.

"Umenizeesha miaka mia mbili," mama alilalamika, lakini aliuangalia ule mkono mara tatu kabla ya kwenda jikoni.

Kila picha iliyolala juu ya nyingine ilikuwa tabaka, na matabaka yakifika saba au nane kompyuta ilianza kuhema kama mgonjwa wa pumu. Kwa hiyo akisharidhika aliyabana matabaka yote yakawa picha moja, kisha akafuta zile alizotumia, ili apate nafasi ya kazi nyingine. Tendo hilo alilipa jina lake mwenyewe: kuivisha.

"Imeiva," alikuwa akisema, akinyoosha mgongo. Na kweli ilikuwa imeiva, kwa maana kwamba baada ya hapo kitunguu kilikuwa kimeshayeyuka kwenye mchuzi, hukioni tena.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama, na mdogo wake wa kiume waliyemwita Kijiti. Baba alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kijiti alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwembamba kama jina lake, mfanyakazi wa tanuri la mikate. Sikio lake la kushoto lilisimama nje kama mlango wa gari uliosahauliwa wazi. Jicho moja lilikwenda pembeni kidogo akichoka. Jino la mbele lilikuwa limemeguka tangu utotoni. Hakupenda kamera hata kidogo. Akiona simu imeinuliwa aligeuza kisogo, kwa hiyo dada yake alimvizia: akiwa amelala, akikanda unga, akifunga kamba za viatu. Picha hizo zote ziliingia kwenye chungu. Nyingine ziligeuka kutu, nyingine ziligeuka turubai.

Siku moja alipata moja nzuri kuliko zote. Kijiti amesimama mlangoni mwa tanuri, mwanga umempiga usoni, hajui kwamba anatazamwa. Hapo ndipo wazo lilipomjia Dada Mizani. Alichukua picha ya baba, ile moja waliyokuwa nayo, ya ujanani, yenye masharubu yaliyochongwa, akailaza juu ya Kijiti kwa asilimia arobaini. Siku nne alikuwa akifanya kazi hiyo kila akitoka kiwandani. Alimnyoosha baba kidogo ili macho yakutane. Alimpinda shingo. Alifuta ukingo hapa, akarudisha kivuli pale. Sikio lililosimama lilizama taratibu ndani ya nywele za baba. Jicho lililokwenda pembeni lilivutwa na jicho la baba likatulia. Akabana, akafuta, akanyoosha mgongo.

Mama alipoletewa picha hiyo imechapwa na kutiwa fremu, alikaa chini sakafuni.

"Mume wangu," alisema. Halafu, baada ya muda, "Mwanangu."

Ikatundikwa ukutani mkabala na mlango, ili kila anayeingia aione. Wageni walipiga vigelegele, wengine walifuta machozi, na mke wa kinyozi aliapa kwamba yule mtu alikuwa anataka kusema kitu.

Kijiti alirudi kutoka kazini jioni hiyo, unga umo kwenye nyusi. Akasimama mbele ya fremu akakuna kidevu.

"Sasa mimi niko wapi hapo?"

"Si ndiye wewe huyo," dada alimjibu.

"Huyo ana masharubu."

"Ni kivuli tu, mdogo wangu. Angalia vizuri."

"Naangalia. Sikio langu mmelipeleka wapi? Nilikuwa nalilalia, leo nitalalia nini?"

Walicheka wote watatu mpaka mama akashika mbavu. Lakini baadaye, mama akiwa uani, Kijiti alimfuata dada yake jikoni akaegemea mlango.

"Dada, nipige picha moja. Mimi tu. Bila kutu, bila turubai, bila baba."

"Nitakupiga."

"Lini?"

"Jumapili."

Jumapili hiyo kiwanda kilipokea malori thelathini na mawili, wakamwita kazini. Jumapili iliyofuata alisahau. Kijiti hakukumbusha.

Miezi michache baadaye tanuri lilipunguza watu, Kijiti akawa wa kwanza. Akakaa nyumbani wiki, akakaa mwezi, akakaa miwili. Mama hakuwa mkali, lakini alikuwa na tabia ya kusema na ukuta. Alipita na fagio, akasimama mbele ya fremu, akaguna: "Mwenzako kwa umri wako alikuwa ameshajenga." Ungesema anaongea na picha. Kijiti alijua anaongea na nani.

Jumanne moja aliondoka asubuhi na begi la mgongoni. Alisema anakwenda kuulizia kazi. Siku ya tatu simu yake ikawa haipatikani. Wiki ya pili mama aliacha kula.

Walikwenda polisi, wakaandika maelezo, wakaambiwa wasubiri. Mama hakuwa mtu wa kusubiri. Akamburuta binti yake mpaka kwa mwenye duka la kuchapa, kijana mcheshi aliyevaa miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka.

"Poleni sana. Tangazo nitawatengenezea sasa hivi. Mna picha yake?"

Mama alifungua kanga aliyokuwa ameifunga kama mtoto. Ndani yake ilikuwamo fremu kutoka ukutani.

Dada Mizani alihisi kitu kidogo, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

"Mama, hiyo si..."

"Si nini? Si yeye?"

Mwenye duka aliinua miwani akaitazama. "Picha safi sana hii. Wengi wanatuletea za ukungu."

"Nimekuuliza," mama alisema. "Si yeye?"

Akaitazama. Alimwona Kijiti. Hakuwa akidanganya: alimwona kabisa, mlangoni mwa tanuri, mwanga usoni, maana yeye ndiye aliyemweka pale na alijua amelala tabaka gani. Wewe ungewezaje kutoona kitu ambacho umekizika kwa mikono yako?

"Ni yeye," alisema.

Zikachapwa nakala mia mbili, nyeusi na nyeupe. Rangi ilipoondoka, masharubu yakakolea. Juu waliandika AMEPOTEA, chini jina lake kamili la kwenye vyeti, na namba ya simu. Moja aliibandika kwenye dirisha la kibanda chake. Nyingine aliwagawia madereva, na hapo niseme kwamba watu wale, kwa utani wao wote, hakuna aliyekataa. Walizipeleka kwenye vituo vya mafuta, magereji, hospitali, milango ya maduka. Breki alibandika yake kwenye kioo cha mbele cha lori, upande wa abiria.

"Nitamwona tu, dada," alisema. "Barabara zote hizi ni zangu."

Mwezi wa pili tangu Kijiti aondoke, simu iliita. Mtu wa mji wa mbali alisema amemwona aliyepotea kwa macho yake mawili, anatengeneza redio karibu na soko. Dada Mizani aliomba ruhusa kazini, akapanda basi alfajiri, akafika mchana. Mama alimfungia chapati sita za Kijiti.

Duka la redio lilikuwa dogo, limejaa nyaya. Fundi alikuwa ameinama juu ya kipande cha mtambo. Akainua kichwa.

Ilikuwa ile picha. Si mfano wake, ile ile. Kidevu, masharubu, macho yaliyotulia. Kwa pumzi moja nzima moyo wake uliamini.

"Karibu, dada. Redio au simu?"

Alimpa tangazo. Fundi alilisoma, akaenda kwenye kipande cha kioo ukutani, akajitazama, akalitazama, akajitazama tena.

"Haki ya Mungu, huyu ni mimi! Jamani, nimepotea tangu lini?"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi walivunjika mbavu. "Ndiyo maana redio yangu haijatengenezwa wiki tatu!" mmoja alisema. Dada Mizani naye alicheka, kwa sababu uso wake ulikuwa lazima ufanye kitu. Fundi alipomtazama vizuri aliacha kucheka, akasogeza kigoda, akampa maji.

"Nisamehe, dada yangu. Ndugu yako ana umri gani?"

"Ishirini na minne."

"Mimi nina arobaini na mmoja." Aliligeuza tangazo huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. "Sasa hii picha... ilipigwa lini? Maana mtu wa ishirini na minne simwoni hapa."

Kwenye basi la kurudi alijua. Alikuwa na saa tano za kujua, chapati sita mapajani.

Siku hiyo hiyo aliwasha kompyuta akafungua kila jalada. Alipata mikono ya Kijiti kwenye unga, kisogo chake, kiatu chake, uso wake wa usingizi uliozama katika kutu mpaka usiweze kujua pua imeishia wapi. Sura yake hakuipata. Akafanya jambo ambalo mtu wa mizani pekee angelifikiria. Alichukua picha ya baba, akailaza juu ya ile iliyoiva, akaiambia programu itoe. Lililojaa toa tupu, kinachobaki ndicho mzigo. Lakini baba aliyekuwa ndani ya ile picha alikuwa amepindwa, amenyooshwa, amefutwa hapa na kuongezwa pale. Hakuwa tena baba wa picha ya ujanani. Kilichobaki kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa doa la kijivu, kama moshi uliojaribu kuwa mtu ukaghairi.

Alifunga. Sebuleni mama alikuwa akifuta fremu kwa upindo wa kanga, kama alivyofanya kila siku.

"Hakuwa yeye?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Hakuwa yeye, mama. Amefanana tu."

"Usikate tamaa, mwanangu. Kwa picha nzuri kama hii, ataonekana."

Na hapo, tuseme ukweli, ndipo angesema. Mdomo ulifunguka. Lakini mama alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha fremu, na ukimnyang'anya mtu wa namna hiyo picha, unamnyang'anya mume na mwana kwa mkono mmoja. Akasema anakwenda kuoga. Kesho yake hakusema, na keshokutwa ikawa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na siku mbili za kuzieleza. Matangazo yakabaki kwenye vioo na kuta yakikauka kwa jua.

Ulikuwa mwezi wa sita tangu Kijiti aondoke, mwenye tanuri alipokuja kibandani, mzee mwenye mikono iliyounguaungua. Alikuwa akipanga upya ofisi yake na nyuma ya kabati alikuta kadi ya afya ya Kijiti, ile ambayo kila anayeshika chakula hupimwa na kupewa. Kwenye kona palikuwa na picha ndogo, kubwa kidogo tu kuliko kijiko cha chai.

"Nilidhani mama yako angependa kuwa nayo," alisema, kisha akalitazama tangazo dirishani, akakunja uso. "Kumbe mlimtafuta na kaka yake pia?"

Dada Mizani aliishika kadi kwa vidole viwili. Sikio. Jino, kwa sababu mdomo ulikuwa wazi kidogo, mpiga picha alikuwa amemwahi. Jicho lililochoka limekwenda kando. Kumbe mtu anaweza kuusahau uso wa mdogo wake huku anaupita ukutani kila siku.

Lori la Breki lilikuwa juu ya mizani. Alikuwa ameshashuka bila kuambiwa, amekuja dirishani kuchukua tikiti yake ya uzito. Akaiona kadi.

"Huyu namjua," alisema.

"Ni mdogo wangu."

"Hapana, mdogo wako si huyu wa..." Alinyoosha kidole kwenye tangazo. Kidole kikabaki hewani. Halafu Breki alivua kofia.

"Dada. Huyu nilimpakia."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Mwezi wa tatu tangu unipe lile tangazo. Alisimamisha gari, mwembamba, anakohoa. Akakaa kiti cha abiria, uso kwa uso na karatasi. Mimi mwenyewe nikamwuliza, kijana, huyo wa kwenye kioo hujamwona huko utokako?"

"Akasemaje?"

"Alisoma mpaka mwisho. Halafu akacheka, akasema, 'Wamemkosea sura huyo. Hata akipatikana, siye.' Nikacheka na mimi. Nilidhani utani, dada. Akaniambia akipata kazi atapiga simu nyumbani. Nilimshusha njia panda, kule kwenye viwanda vya tofali."

Foleni ya malori ilikuwa inapiga honi. Hakuna aliyeisikia.

Walikwenda kesho yake kwa lori lile lile. Tangazo lilikuwa bado kwenye kioo. Breki alilibandua kwa kucha, kipande kwa kipande, huku akiendesha kwa mkono mmoja, na gundi ikaacha alama ya mraba. Kwenye kiwanda cha kwanza cha tofali hawakumjua. Kwenye cha pili msimamizi aliitazama kadi akasema, "Kijiti," kisha akatazama chini. Alikuwa amefanya kazi pale miezi miwili. Kifua kilimbana. Wenzake walimbeba kwenye mkokoteni wa tofali hadi hospitali.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini. Alitoa daftari, akafuata mstari kwa kalamu. Alikuwa amelazwa siku sita. Alikuwa amekaa chumba cha maiti wiki tatu, wakisubiri ndugu. Manispaa ilikuwa imemzika siku kumi na mbili zilizopita.

Siku kumi na mbili.

"Hakuwa na kitambulisho," muuguzi alisema. "Simu ilikuwa imevunjika. Tulimwuliza jina, akataja Kijiti tu, na tulipouliza zaidi alikuwa hasikii tena. Mwanangu, msidhani hatukuangalia. Tangazo lilikuwa hapa ukutani. Nililibandua mimi mwenyewe, nikaenda nalo kitandani, nikaliweka kando ya uso wake, hivi." Alionyesha kwa viganja vyake viwili. "Nikaita mwenzangu aangalie. Tukasema siye. Yule mtu mzima, huyu kijana. Huyu ana sikio lile, yule hana."

"Alisema kitu chochote?"

"Siku ya pili tulimpa mkate na chai. Alitafuna kidogo, akasema huu haukuachwa uumuke." Muuguzi alitabasamu bila kutaka. "Hakumaliza."

Kaburi lilikuwa na kibao cha bati chenye namba. Breki alisimama mbali, kofia mkononi. Dada Mizani alichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na hakupiga picha.

Aliporudi nyumbani mchana wa siku ya pili, mama alikuwa akikunja nguo sebuleni. Alimwona binti yake mlangoni na hakuhitaji kuambiwa sehemu ya kwanza. Alilia kwa sauti moja ndefu iliyowaleta majirani, na majirani walijaza nyumba hadi jioni. Watu walipopungua ndipo alipouliza, akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, chini kabisa ya fremu.

"Lakini kwa nini hawakutuita? Si walikuwa na tangazo letu?"

Hapo palikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angesema hospitali ilikuwa na watu wengi. Angesema tangazo lilichanika. Mama angeamini.

"Yule wa kwenye tangazo hakuwa Kijiti, mama. Alikuwa Kijiti na baba. Nilimchanganya. Waliliweka kando ya uso wake, wakasema siye."

Mama aliendelea kumtazama.

"Nilijua tangu siku ya fundi redio," alisema, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa limebaki. "Nilijua, nikanyamaza."

"Miezi minne?"

"Miezi minne, mama."

Mama aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Siku tatu za matanga hakumsemesha. Alipotaka kitu alipitishia kwa watu: "Mwambieni dada yenu maji yamekwisha." "Mwulizeni aliyelala huko kama ameshakula." Mke wa kinyozi alikuwa akibeba maneno hayo hatua mbili kutoka mkeka huu hadi mkeka ule, na ingekuwa siku nyingine wangecheka.

Siku ya nne, nyumba ilipokuwa tupu, mama alitoka chumbani na kadi ya afya ambayo binti yake alikuwa amemwachia. Aliiweka juu ya meza ya kompyuta.

"Ikuze."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti yake. Dada Mizani aliipiga picha kadi, akaiingiza, akaifungua.

"Ni ndogo sana, mama. Nikiikuza zaidi itavunjikavunjika."

"Ivunjike."

Akakuza. Uso ulipanda kwenye kioo, ukapoteza kingo, ukawa miraba midogo ya kahawia na kijivu. Mhuri wa idara ya afya ulikuwa umepita juu ya kidevu, wa bluu, nusu duara. Kipanya kilisogea chenyewe, kwa mazoea ya mkono.

"Huu mhuri naweza kuutoa. Ni dakika mbili tu."

"Acha."

"Na hapa pembeni, sikio limeingia kwenye giza, naweza..."

"Sikio limekukosea nini?"

Mkono uliondoka kwenye kipanya ukaenda mapajani. Mama alivuta kiti cha meza ya pasi akakaa kando yake, mara ya kwanza tangu kompyuta hiyo iingie nyumbani. Hakusema kwamba amesamehe, na Dada Mizani hakuuliza. Kompyuta ilinguruma.

"Kuza tena," mama alisema, akisogeza uso karibu.

Akakuza mpaka sikio, jicho na nusu ya mdomo vikajaza kioo chote.

"Hapo. Usisogeze."